Saa Isiyo na Kitufe

Alama ya pili binti yangu aliwekewa siku ya Jumanne, na mimi nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa vile mkebe ulivyotua hapo mlangoni. Mkebe mtupu wa alumini hulia kama kengele. Uliojaa hutua tu, puu, kama mtu mzito aliyechoka. Ule ulitua puu, saa mbili asubuhi, wakati ulipaswa kuwa umerudi mtupu.

"Wameyakataa," akasema.

"Tena?"

"Tena, Baba. Dakika tatu."

Nieleze vizuri, maana watu wa mjini hudhani maziwa hutoka kwenye pakiti. Huku kwetu juu, upande wa Dundori, kila mkulima wa ng'ombe wawili watatu hupeleka maziwa yake asubuhi kwenye kituo. Kituo ni nyumba ya mabati yenye mizani, karani, daftari na saa ya ukutani. Lori la maziwa hupanda kutoka Nakuru na halingoji mtu, basi kamati ikaweka sheria: saa ya ukutani ikifika saa moja kamili, lango linafungwa. Ukija baada ya hapo unarudi na maziwa yako, na karani anakuchorea alama nyekundu. Alama tatu ndani ya miezi mitatu, jina lako linafutwa. Na ukifutwa, umefutwa na mengine yote, chakula cha ng'ombe, daktari wa mifugo, lori. Unabaki kuwauzia majirani kikombe kimoja kimoja, na majirani wenyewe wana ng'ombe.

Huyu binti ni wangu wa kwanza. Alipewa jina la mama yangu mzazi kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo tangu akiwa mchanga mimi humwita mama, hata nikimkemea. Alirudi nyumbani kutoka Kariandusi, kule wanakochimba ule udongo mweupe, baada ya ndoa yake kuisha. Iliishaje, hiyo ni yake, sitaiandika. Alirudi na watoto wawili na ng'ombe mmoja, wakipanda kwa miguu siku nzima, na nilipomwona ng'ombe nilifurahi kuliko nilivyofurahi kuona watoto, nasema ukweli. Ng'ombe wa pili alizaliwa hapa kwangu. Hao wawili ndio karo, ndio unga, ndio viatu. Mimi nina kibanda cha kutengeneza redio hapo madukani, na siku hizi nani analeta redio?

"Simu yangu ilisema bado nina dakika kumi," akaniambia. "Niliiangalia pale kwenye kona ya kanisa. Nikatembea tu, Baba. Ningejua ningekimbia." Alimimina maziwa mengine kwenye sufuria, mengine akawapa ndama, na yaliyobaki akayaangalia tu.

Alhamisi kulikuwa na mkutano wa kituo, na mimi nikasimama. Ningekaa chini kwanza nikafikiri, lakini nilikuwa nimekuja nimeshachemka.

"Karani," nikasema, "wewe unasogeza saa."

Karani ni mtu mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu, na hajawahi kuonekana akicheka. Akaniangalia.

"Mzee, na heshima yako, mimi nasoma ukuta. Sheria inasema ukuta."

"Ukuta unasoma unachotaka wewe. Simu ya binti yangu inasema saa yako iko mbele."

Mwenyekiti, ambaye pia ni mzee wa kanisa na hupenda mambo yaende taratibu, akatoa simu yake. "Tusiharibiane majina. Yangu inasema saa nane na dakika kumi na moja. Nani mwingine?" Mmoja akasema kumi na nne. Mama mmoja akasema yake inasema ni saa tano usiku, tangu ianguke kwenye ndoo. Kicheko kikaanza. Huku kwetu simu nyingi ni zile ndogo za vitufe, mtu huziset kwa mkono kila zinapozimika.

"Unaona, mzee?" mwenyekiti akasema. "Simu ni ya mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuisogeza. Niletee saa ambayo mkono wa mtu hauwezi kuisogeza, mbele au nyuma. Ukiileta, na ionyeshe saa yetu ni mbaya, nitafuta hizo alama mbili mbele ya watu. Usipoileta, utamwomba karani msamaha mbele ya watu hao hao, na sheria itaendelea."

"Alete jua lenyewe!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Nipeni wiki mbili," nikasema.

Nilikuwa nasema kwa hasira. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza ni saa gani hiyo ambayo haina mkono wa mtu.

Zamani ningesema redio. Nilipojifunza kazi mjini Nakuru, nikiwa nimeacha shule darasa la tatu, fundi aliyenifundisha alikuwa akinyamazisha kila mtu kibandani redio ikikaribia saa kamili, tusikie zile pi, pi, pi, na ile ndefu ya mwisho, kisha anasogeza saa yake ya mkononi kwa ukucha. Siku hizi mtangazaji huyu anasema kasoro tano, yule anasema kasoro mbili, na wote wanacheka tu. Redio nikaiacha.

Kilichonijia ni traka. Ni kile kijisanduku, ukubwa wa kiberiti, ambacho wenye magari huficha chini ya dashibodi ili gari likiibwa wajue liko wapi. Niliwahi kufungua kimoja. Dereva mmoja wa lori la viazi aliniomba nikizime ili mwenye lori asijue analala kwa nani. Nilimzimia, Mungu anisamehe, lakini kwanza niliuliza nikaelezwa kinavyofanya kazi. Huko juu kuna setilaiti, na kila moja imebeba saa isiyokosea, na inatangaza bila kuchoka: sasa ni saa fulani, sasa ni saa fulani. Traka inasikiliza. Kabla haijajua iko wapi, lazima ijue ni saa ngapi. Ni redio tu, na mimi ni mtu wa redio.

Nikashuka Nakuru kwa wauza vyuma chakavu. Nilichimba siku nzima kwenye milundo ya magari yaliyokufa, mikono ikawa nyeusi mpaka kwenye viwiko. Nikapata traka mbili, moja ya pikapu iliyobingirika na nyingine ya basi, zote kuukuu, moja ikiwa bado na matope ndani. Namba za kuonyesha saa zilinipa shida zaidi. Nilitaka namba nyekundu kubwa, mtu azione akiwa langoni. Mwishowe nikaona ganda la mashine ya kamari, zile zilizokuwa zikiwekwa madukani watu wakitumbukiza sarafu, chifu akazikamata akazivunja kwa nyundo. Uso wake ulikuwa mzima, na safu mbili za namba, ya juu na ya chini. Nikaibeba begani kama mtu aliyeiba mlango.

Hapo kuna kazi moja ambayo siiwezi. Namba hazijui kusoma kile traka inachosema. Kati yao kunatakiwa bodi ndogo yenye kufikiri, na anayeiandikia mawazo ni mtu mwenye kompyuta. Kuna mama mmoja mjini, ana kibanda cha kutengeneza simu, wanaume huja kwake wakiwa wameshindwa. Nikamwekea kila kitu mezani.

"Mzee, saa zimejaa hapo barabarani. Si uchukue moja?"

"Hizo zina vitufe."

"Na yako?"

"Yangu isiwe na hata kimoja."

Akaacha kuchezea waya. "Sasa ikikosea utaifanyaje?"

"Isikosee."

Akanicheka sana, kisha akauliza ni ya nini, na nilipomweleza habari za binti yangu hakucheka tena. Akaniambia setilaiti hutangaza saa za ng'ambo, kwa hiyo ataifundisha bodi iongeze masaa matatu, na kwamba safu ya juu itaonyesha saa na ya chini itaonyesha tarehe. Tarehe sikuwa nimeomba. Akasema, "Hiyo ni zawadi, mzee."

Traka ya kwanza niliiunguza mwenyewe. Miaka hamsini nafunga nyekundu na nyeusi, lakini waya za ile ya basi zilikuwa zimefifia jua likazifanya zote rangi ya chai. Nikazigusisha kwenye betri ya bodaboda, na kabla sijaondoa mkono, moshi mdogo mweupe ukapanda. Wiki ya kwanza ilikuwa imeisha. Nikabaki na moja, ile ya matope.

Na nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mvua zilikuwa zimeanza. Binti yangu sasa alikuwa anatoka mapema, hajanywa hata chai, mkebe mgongoni na kamba kichwani, na kila asubuhi mimi nilikaa nikisikiliza mkebe utarudi na sauti gani. Siku moja ng'ombe alipiga ndoo teke akalazimika kuanza upya na yule mwingine. Alifika karani akiwa ameshashika lango. Mkebe ulirudi mtupu siku hiyo, ulilia vizuri, lakini alikaa kwenye ngazi muda mrefu akiwa ameshika magoti.

"Baba, hiyo saa yako," akaniuliza, "itasaidia kweli?"

"Itasaidia, mama."

"Mimi naona umemtukana mtu anayeshika kalamu."

Nikarudi kwenye ile traka ya pili. Niliifunga vizuri, nyekundu kwa nyekundu, taa yake ndogo ikawaka, na kisha haikufanya kitu. Namba zilionyesha vistari vinne tu. Siku mbili nzima nikaikagua na miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikanusa, nikagusa, nikaomba. Siku ya tatu nikachoka nikaitoa nje niitazame mara ya mwisho kwenye mwanga, nikaiweka juu ya banda la kuku. Nikaingia ndani kunywa maji. Nilipotoka, kuku walikuwa wamekusanyika wakitazama juu. Taa ilikuwa inapepesa na namba zilikuwa zinakimbia. Siku mbili nilikuwa nimeifungia chini ya mabati! Mtu wa redio, miaka yote hiyo, nimesahau kwamba redio inahitaji kuona mbingu.

Nilifurahi kama dakika moja. Kisha nikasoma safu ya chini. Siku ilikuwa si yake, mwezi si wake, na mwaka ulikuwa wa nyuma, karibu miaka ishirini iliyopita. Mwaka ule mke wangu alikuwa bado hai, tena siku hizo tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya uzio.

Nikampigia mama wa simu. "Ah," akasema. "Hiyo traka ni ya kale. Inahesabu wiki, na nafasi ya kuhesabia imejaa ikarudi sufuri. Masaa yako ni sawa, mzee, mpaka sekunde. Tarehe ndiyo imerudi nyuma."

"Unaweza kuirekebisha?"

"Niletee, niachie siku tatu."

Kesho yake ndiyo zile wiki mbili zilikuwa zinaisha, niipeleke saa kituoni. Kufungua waya nilizokwisha kuzichomea kwa risasi sikuthubutu, sikuwa na traka nyingine. Basi nikachukua utepe mweusi wa fundi, nikafunika safu ya chini. Nilijua nafanya nini. Nilikuwa naficha.

Usiku mvua ikanyesha vibaya, na alfajiri binti yangu akaniambia daraja la miti la pale mtoni limezama, atazungukia barabara ya juu.

"Hiyo ni mbali."

"Najua ni mbali, Baba. Nenda na saa yako."

Kituoni nilikuta watu wengi kuliko kawaida, hata wasio na maziwa. Ukungu ulikuwa mzito, mtu ukimwona ni miguu kwanza. Nikaweka saa nje kwenye jukwaa la mikebe, nikafunga betri. Vistari vinne. Saa ya ukutani, niliiona kupitia mlangoni, ilisema saa moja kasoro dakika ishirini na tano.

"Imelala, mzee," mmoja akasema.

"Inatafuta."

"Ukungu umeficha setilaiti zako."

"Mawimbi hayajali ukungu," nikasema, nikakaza tena waya za betri.

Mama mmoja akainama akaangalia karibu. "Ngojeni kwanza. Hizi namba si za ile mashine ya kamari?"

"Ndizo."

"Hizi zimekula kahawa na mahindi ya mume wangu! Mwenyekiti, leo unaamua kwa kamari?"

Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti akajaribu kuweka uso wa kanisa akashindwa. Mimi sikucheka. Watu walimimina maziwa, karani akapima, akaandika, hakuniangalia hata mara moja. Kasoro kumi na tano. Kasoro kumi. Barabara ya juu ilikuwa nyeupe tupu.

Wakati ukuta unasema kasoro nane, taa ikapepesa. Vistari vikaondoka. Namba zikasimama wima, nyekundu kwenye ule ukungu: sita, na arobaini na tano. Yaani saa moja kasoro kumi na tano.

Mtu mmoja akahesabu kwa vidole. "Saba," akasema. "Ukuta uko mbele dakika saba!"

Nikamgeukia karani, na naona aibu kuandika jinsi nilivyomgeukia. Yeye alikuwa ameacha mizani akaja mpaka kwenye jukwaa. Akaangalia namba, kisha kidole chake kikaenda polepole kwenye ule utepe mweusi.

"Hapa chini umeficha nini, mzee?"

"Hapana kitu."

Akaubandua.

Mwenyekiti alisoma mwaka kwa sauti, namba moja baada ya nyingine, na hapo hakuna aliyebaki amesimama wima kwa kicheko. "Mzee ameturudisha! Mimi sijaoa bado!" mmoja akalia. "Mwambieni mwenyekiti nywele zake zinarudi!"

"Saa ambayo haijui mwaka," mwenyekiti akauliza, "itajua dakika?"

Nikajaribu kueleza. Nikawaambia wakumbuke mita ya pikapu za zamani, ikijaa tisa zote hurudi sufuri, lakini gari si limefika pale lilipofika? Wengine walitikisa kichwa kama wameelewa. Wengine walikuwa bado wanajifuta machozi. Na kosa langu kubwa lilikuwa ule utepe, maana mtu anayeficha safu moja, kwa nini aaminiwe kwenye nyingine?

"Saa moja kamili," karani akasema, akiangalia ukuta. "Mwenyekiti?"

Mwenyekiti akaguna. "Funga."

Lango likafungwa. Namba zangu zilisema kasoro saba. Nilisimama nimeshika betri kwa mikono miwili kama vile nikiiachia itakufa, na macho kwenye ule weupe. Nikahesabu sekunde kwenye saa yangu mwenyewe. Kasoro sita. Kasoro tano. Kasoro nne ndipo nikamsikia kabla sijamwona, viatu vya plastiki vikipiga matope, na pumzi. Akatokea ameinama mbele, kamba imemkata kipaji cha uso, matope mpaka kwenye mapaja. Akafika langoni akalikuta limefungwa. Akaangalia ukuta. Saa moja na dakika nne. Alitua mkebe chini, puu.

Karani alifungua daftari. Akatoa ile kalamu nyekundu, akaishika juu ya ukurasa, kisha akaifunga kifuniko.

"Mwenyekiti, niseme kitu."

"Sema."

Akatoa simu yake, ile kubwa ya kisasa, akaiinua watu waone. "Saa ya mzee ni nzuri. Mwaka sijui, lakini dakika ni hizi hizi. Simu yangu inajiset yenyewe, na kila siku inasema ukuta uko mbele saba."

"Kila siku, na umenyamaza?" mwenyekiti akamaka.

"Sheria inasema ukuta. Mngeniuliza ningesema. Lakini mzee hakuniuliza, aliniita mwizi." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yana maji. "Betri ya hii saa ikiisha, mimi huishusha ninaenda nayo madukani, ninaisogeza kwa ile saa kubwa iliyo nyuma ya meza yako, mzee. Karani aliyenitangulia alinionyesha hivyo. Hata saa ya kanisa wanaichukua kwako. Si wewe ndiye fundi?"

Niliisikia ile ikiniingia polepole, kama maji baridi kwenye kiatu.

Ile saa ya kibandani niliisogeza mbele mimi mwenyewe, miaka mingi, baada ya kuachwa na gari la asubuhi la kwenda mjini. Kila mtu huku kwetu husogeza, nyumbani, shuleni, ili kujiharakisha. Ni desturi tu. Nami kila nikiiangalia napunguza saba bila kufikiri, kama mtu anavyoinamisha kichwa kwenye mlango wake mfupi. Nilisahau kwamba wengine wanapita mlango huo huo na hawajui kuinama.

Na sasa niandike lile ambalo sikumwambia mtu siku hiyo. Nilifikiria kukana. Funguo za kibanda zilikuwa mfukoni mwangu. Ningesema karani anasingizia, nikaenda mbio nikaisogeza ile saa nyuma, nani angejua? Karani akiwa mwongo, alama za binti yangu zinafutwa bila maneno. Nikikubali, hakuna mwizi, kuna sheria na ukuta, na mtoto wangu yuko upande usiofaa wa lango. Nilimwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi, si karani. Nadhani alishajua. Amekaa kwenye kile kibanda mara ngapi?

"Ni kweli," nikasema. "Saa yangu iko mbele dakika saba. Niliiweka mimi."

Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo karani hajaiba," mwenyekiti akasema.

"Hajaiba."

"Basi unajua la kufanya."

Nikavua kofia nikamwomba msamaha, mbele ya watu wote, na yule bwana mwembamba akanipa mkono haraka haraka kama mtu anayetaka jambo liishe. Mwenyekiti akaenda pembeni na wanakamati wengine wawili. Wakanong'ona. Binti yangu alisimama pale pale nje ya lango, mkono mmoja juu ya mkebe, na damu kidogo ikishuka pale kamba ilipomkata. Lori lilikuwa linasikika likibadilisha gia huko chini. Mwenyekiti akarudi.

"Dakika ambazo si zake hatuwezi kumhesabia. Fungua lango. Futa alama mbili. Na hiyo saa ya ukuta ishushwe leo."

Karani akafungua. Binti yangu akanyanyua mkebe, maziwa kidogo yakamwagika kwenye saruji, akapimiwa, akaandikiwa kwa kalamu ya buluu. Nilitaka kumshika bega. Alinipita.

Hapo ndipo mtu akasema, kutoka nyuma kabisa, "Na mimi?"

Alikuwa mama mmoja wa ng'ambo ya mto, umri kama wa mke wangu angekuwa hai. Hakuwa na mkebe. Nilikuwa nimemwona amesimama nikadhani amekuja kutazama kama wengine.

"Mimi nilifutwa msimu uliopita," akasema. "Dakika tano, dakika mbili, dakika sita. Ziko kwenye daftari. Nilimuuza ng'ombe."

Karani alifunua kurasa nyuma, akaweka kidole, akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akasema jina litarudishwa, litarudishwa leo leo. Yule mama akasema asante. Kisha akaniangalia kidogo tu, bila ukali, akajifunga leso vizuri na kuondoka kupitia barabara ya juu.

Mchana nilienda kwake. Binti yangu hakuwa amenisemesha tangu asubuhi, ila alipoona navaa koti alijaza chupa ya maziwa akanitilia mfukoni, akarudi kwa ng'ombe wake. Nilizunguka mbali kwa sababu ya daraja. Banda la ng'ombe lilikuwa bado imara, mbao zake nzuri, ndani kumepangwa kuni.

Alinikaribisha. Hakuniuliza nimekuja kwa nini. Nilimwambia pole, nikaeleza ile saa ilivyokuwa, nikaeleza mara mbili, na yeye akasikiliza akichochea moto. Kisha akanimiminia chai. Ilikuwa ya rangi, nyeusi kabisa.

"Utavumilia hiyo," akasema. "Maziwa hakuna."

Chupa ilikuwa kwenye mfuko wa koti, ina joto bado, inanigusa kwenye mbavu kila nikipumua. Mkono ulikataa kuitoa. Nikanywa ile chai, akaniongeza kikombe cha pili, nikanywa na hicho. Tuliongea habari za mvua. Nilipoinuka kuondoka, yeye akiwa amegeuka kuweka kuni, niliitoa haraka nikaiacha kwenye kiti nilichokuwa nimekalia, kama mtu aliyesahau kitu chake.